Kaburi Mbele ya Nyumba

Mimi ni mpangaji. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akaniuliza, "Masanja, si ulikuwepo pale, mbona hukufungua mdomo?" Mpangaji anafungua mdomo wapi? Kwetu Nyakato, kwenye mkutano wa wenye nyumba, mpangaji akinyoosha mkono anaambiwa akalete viti. Basi nilileta viti. Nikasimama nyuma kule karibu na choo, nikasikia yote, na leo nayasema mimi kwa sababu wenye nyumba wenyewe wanajifanya hamnazo, wanapita kwenye lami kama vile imeota.

Habari hii ni ya Mama Happy. Jina lake la ubatizo ni Gaudensia, lakini ukilitumia hilo mtaani watu watakuuliza unamtafuta nani. Ndiye mwenye nyumba wangu. Chumba cha mbele kilichotazama barabara nilipanga mimi, ndimo nilimokuwa nashonea nguo. Yeye na mumewe, Mzee Stanislausi, walikaa vyumba vya ndani. Mama Happy ni mfupi, mweusi, ana mdomo huyo! Asubuhi alikuwa anaanika muhogo juu ya jabali lililo nyuma ya nyumba huku anagombana na kuku, anagombana na mbuzi wa jirani, anagombana na jua kwa nini limechelewa. Unga wake wa muhogo aliuchanganya na mtama kidogo, na ugali wake ukiula na sato wa kuchemsha utaomba uongezwe, hata uwe mgeni wa heshima. Ukiugua alikuletea uji na matusi kwa pamoja. Nilifika kwake nikitokea Magu na cherehani moja, na sijawahi kutamani kuhama.

Mzee Stani yeye alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuwa fundi mitambo kwenye kinu cha kuchambulia pamba kule Bunda mpaka kinu kikafungwa. Nyumba ile aliijenga kwa mikono yake, chumba baada ya chumba, miaka na miaka. Tofali alifyatua mwenyewe. Ukiutazama ukuta unaona kabisa mahali alipobadilisha mchanga, mahali mvua ilipomkuta katikati ya kazi, mahali alipoanza tena. Jioni alikaa nje akautazama ule ukuta, mkewe akimuuliza unatazama nini anasema, "Naona kama umelala kidogo upande huu." Haukuwa umelala hata kidogo.

Sasa barabara. Yetu ilikuwa barabara ya vumbi ya kawaida tu, bajaji mbili zikipishana moja inaingia mferejini. Tulishaizoea. Siku moja wakaja vijana wa vipimo, wakapigilia vigingi ndani ya nyua za watu bila hata kubisha hodi, wakachora X nyekundu kwenye kuta. Nyuma yao likapita gari la matangazo: barabara inapanuliwa, inawekwa lami, walio ndani ya vigingi wajiandae. X ya Mama Happy waliichora kando ya dirisha langu, pale nilipokuwa nimetundika magauni ya Komunyo ya kwanza. Rangi ikadondokea gauni moja. Niliwatukana wale vijana mpaka watu wakatoka nje. Gauni lile halikutakata tena.

Mtu aliyetutia moto alikuwa Mzee Revocatus. Yeye anakaa ng'ambo ya barabara, mkabala na sisi. Ana duka la vifaa vya ujenzi, na juu yake ghorofa ya wageni. Mwili mkubwa, sauti ya kwaya, akiongea hata mbwa wanatulia. X yake ilikuwa kwenye nguzo za ghorofa. Mkutano wa kwanza alilia machozi ya kweli, nayasema niliyoyaona.

"Ndugu zangu, nani hapa aliomba lami?" alisema. "Mtu aliyeomba lami anyooshe mkono! Malori yatapita hapa mbio, watoto wetu watagongwa, na sisi tutakuwa tumetupwa huko porini. Hatutoki! Akivunjiwa mmoja, tumevunjiwa wote!"

Watu walishangilia. Mama Happy alipiga makofi mpaka kilemba kikamvuka. Wakaunda kamati, Revocatus akawa mwenyekiti. Wakaenda manispaa, wakarudi. Wakaenda kwa diwani, wakarudi. Siku moja wakaziba barabara kwa mawe, polisi wakaja, mawe yakatolewa na walewale walioyaweka. Kila wakirudi Revocatus alikuwa anasema, "Tuna matumaini makubwa." Vigingi vilikuwa palepale.

Katikati ya hekaheka hizo Mzee Stani akaanza kuugua kifua. Yeye alisemaga ni mavumbi ya pamba, daktari alisema mambo mengine. Akawa hawezi kutembea mbali. Alikuwa ananiomba nimtolee kiti mlangoni kwangu atazame watu wanavyopita. Siku moja mimi nilikuwa natia pindo suruali, mkewe anachekecha unga pale kibarazani, mzee akasema kwa ile sauti yake ya chini:

"Gaudensia. Nikifa usinizike hapa mjini. Unipeleke Butiama, kwa mama."

"Kufa umeambiwa na nani? Kunywa uji huo unapoa."

"Nimesema. Kwa mama, upande wake wa kulia. Nyamhanga anapajua."

Nyamhanga ni mdogo wake, ndiye aliyebaki kwenye boma lao kijijini huko Butiama na ng'ombe wa familia.

"Nimesikia," Mama Happy akasema. "Nitakurudisha kwa mama yako hata kesho, mimi mwenyewe nimekuchoka."

Mzee alicheka, akakohoa, akacheka tena. Mkewe akaacha chekecheo akaenda kumshika mgongo, na mkono wake ulibaki pale mgongoni muda mrefu kuliko kikohozi.

Alikufa asubuhi moja wakati anavalishwa shati. Mama Happy hakupiga kelele. Alimalizia kufunga vifungo vyote, ndipo akatoka nje akaniita.

Turubai likafungwa, wanajumuiya wakaja na sufuria, Happyness akafika kutoka Guta, kule Bunda, alikoolewa. Huyo Happyness ndiye mtoto wao pekee. Nyamhanga akapigiwa simu, akasema leteni mwili kesho, wazee wameshaonyesha mahali, vijana wanachimba. Mimi nikaipunguza suti ya mzee, maana alikuwa amekonda sana. Kila kitu kilikuwa kinakwenda sawa. Gari la kwenda Butiama lilikuwa limeshapatikana.

Mchana ule akaingia Revocatus na kamati yake. Alivua kofia, akakaa chini kabisa kwenye mkeka kando ya Mama Happy, mtu mzima na tumbo lile. Nilijua hapo kuna jambo.

"Mama Happy, pole. Tumepotelewa wote," alianza. "Lakini niseme kama ndugu yako. Mzee akienda Butiama, hii nyumba inabaki na nani? Ile X inabaki na nani? Sisi kamati tumekaa tumefikiri. Mzee akilala hapa mbele ya nyumba yake, barabara haipiti. Kule Guta greda lilifika kwenye makaburi ya watu, barabara ikapinda. Ikapinda kabisa! Nani atathubutu kupitisha lami juu ya mtu aliyebatizwa?"

Happyness akainua kichwa, macho mekundu. "Mimi naishi Guta. Hiyo barabara iliyopinda iko sehemu gani?"

"Wewe mwanangu bado mgeni kule," Revocatus akamjibu. Hivihivi, bila aibu.

Mama Happy akasema, "Baba Happy alisema Butiama."

"Alisema akiwa mgonjwa, mama. Mtu mgonjwa anamkumbuka mama yake, ni kawaida. Lakini huu ukuta ameujenga nani? Unafikiri angekubali uangushwe yeye akiwa amelala raha huko kijijini? Mzee anailinda nyumba yake. Na sisi wote anatulinda."

Na majirani wakaingia, mmoja baada ya mwingine. Mama, tusaidie. Mama, ni kwa ajili ya mtaa. Mama, tutamjengea vizuri. Wanawake waliokuwa wanampikia chakula cha msiba ndio hao hao waliokuwa wanamsihi, na mwiko mkononi. Walimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa mchana kweupe, na mtu mwenye maiti ndani anapata wapi nguvu ya kubishana? Akamwuliza katekista. Katekista akasema ardhi yote ni ya Mungu. Asante sana, katekista.

Mama Happy aliutazama ukuta, akaitazama X, akasema, "Basi azikwe hapa."

"Mama!" Happyness alipiga kelele.

"Nyamaza. Wewe una kwako. Wakibomoa hapa mimi nitalala wapi? Kwa mkweo?"

Alimpigia Nyamhanga mwenyewe. Nilikuwa karibu, simu yake ina sauti kubwa, nilimsikia yule bwana vizuri. Akasema, "Shemeji, kaburi limeshachimbwa. Limekamilika."

"Lifukieni," Mama Happy akasema.

Simu ikakatika. Hakuna mtu hata mmoja aliyekuja mazikoni kutoka Butiama.

Tukamzika mbele ya nyumba, hatua chache kutoka mlangoni kwangu, ndani ya vigingi kabisa. Kamati ilijenga kaburi kubwa la saruji, wakaliwekea vigae vyeupe na msalaba mrefu uliotazama barabarani, si kaburi la mtu mpole yule. Vigae vilitoka dukani kwa Revocatus, na hakuna aliyeruhusiwa kusahau.

Kwa muda ilionekana kama wamepatia. Wapimaji walirudi, wakasimama, wakakuna vichwa, wakapiga picha, wakaondoka. Mtaa mzima ulivimba kichwa. Watu wakipita asubuhi walitania, "Mzee Stani, habari za lindo?" Bodaboda walipunguza mwendo na kupiga saluti. Mwanzoni Mama Happy alicheka nao. Baadaye akaacha. Halafu akaanza kuwafukuza kwa ufagio, na wao wakadhani bado ni utani.

Mimi chumba changu kilikuwa pale, dirisha wazi. Kila asubuhi alifagia vile vigae, akainama, akaongea na mumewe. Hakujua kama nasikia, au alijua, hakujali. "Vumilia, Baba Happy," alisema. "Vumilia kidogo tu. Nyumba ikipona nitakupeleka." Kila siku maneno hayohayo. Alipeleka gunia la unga Butiama kwa shemeji yake, la kuombea radhi. Gunia lilirudi na gari lilelile, kamba haijafunguliwa. Aliligawa lote kwa majirani, hakutaka hata kikombe kimoja cha unga ule kirudi ndani.

Roho ilikuwa inanichoma. Unamwona mtu anakonda kila wiki, nguo nilizomshonea mwenyewe zinamning'inia, na huna la kumwambia. Nilimwambia mara moja tu, "Mama, mzee anajua moyo wako." Akanitazama. "Fundi, mzee alikuwa anajua kila kitu. Ndiyo shida yenyewe."

Mwaka wa pili akaja injinia. Mama mmoja kijana, mpole, viatu vimejaa vumbi. Aliomba mkutano wa wananchi. Nikaleta viti. Akasema serikali imesikia kilio chetu, kwamba ni kweli barabara ya kupanua pande zote mbili ingebomoa watu wengi sana, kwa hiyo mchoro umebadilishwa. Itapanuliwa upande mmoja tu.

Jamani, kelele zilizopigwa pale! Vigelegele, watu wanakumbatiana, Revocatus ameinua mikono yote miwili kama mtu anayepokea kombe. Mama Happy alikuwa amesimama kwenye kiti, akauliza, "Upande upi?"

Injinia akaonyesha kwa kidole. Upande wetu.

Kelele zikafa. Zikafa nusu, maana ng'ambo ya pili watu bado walikuwa wanapumua kwa raha. Mama Happy akasema, "Upande wetu una kaburi." Injinia akamjibu taratibu, na sitamlaumu, alikuwa anasema kazi yake ilivyo: "Tumeliona, mama. Pole sana. Upande ule kuna ghorofa na maduka makubwa. Huku ni nyumba za chini na kaburi moja. Kaburi moja tunaweza kulihamisha."

Kaburi moja. Mama Happy akashuka kwenye kiti polepole, akamgeukia Revocatus. "Mwenyekiti, ulisema akivunjiwa mmoja."

Revocatus aliangalia viatu vyake. "Mama, tumshukuru Mungu. Hata nusu ni ushindi. Tutaongea pembeni."

Khaa! Mpaka leo hiyo pembeni haijafika. Kamati haikuitwa tena. Watu wa ng'ambo wakaanza kutusalimia kwa kupunga mkono tu, wakiwa kulekule kwao, na Revocatus akawa ana safari nyingi za mbali. Upande wetu nao kila mtu alihangaika na paa lake, nani akumbuke la mwenzake? Wale wanawake wa mwiko sikuwaona. Nikisema nina hasira na mtaa ule, watu wananiambia fundi yamepita. Hayajapita. Mimi nayaona kila siku.

Siku ya kuhamisha kaburi Mama Happy alikaa juu ya vigae tangu alfajiri, rozari mkononi. Bwana afya wa manispaa akaja na vijana wenye glavu. Alikuwa mtu mzima, mstaarabu, akachuchumaa mbele yake. Akamweleza kwamba eneo limetengwa kwenye makaburi ya manispaa, lakini kama familia ina mahali pengine pa kumzika, kibali kitatolewa leo leo.

Mama Happy akainua uso. "Mahali popote?"

"Popote ambapo familia imekubali, mama."

Akasimama. Akajipangusa vumbi nyuma. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu msiba, nikamwona yule Mama Happy wangu. "Fundi!" akaniita. "Unashangaa nini? Washa hiyo cherehani. Nishonee sanda. Mzee anakwenda Butiama." Akanishika mkono kwa nguvu. "Umeona? Alisema Butiama. Nilimkatalia, na barabara imemsikiliza yeye. Anakwenda kwa mama yake."

Nikachukua kitambaa cheupe, nikachukua futi yangu ya kupimia, halafu nikasimama kama mjinga, maana sikujua napima nini. Bwana afya alinionyesha ukubwa wa sanduku la mifupa kwa mikono miwili. Nilishona sanda ya mtoto. Mzee Stani alikuwa mrefu, suruali zake nilikuwa naongezea kitambaa chini kila mara, na siku ile kipande kilibaki. Nilishona huku nalia, sioni aibu kulisema.

Alasiri greda likaja kwa nyumba. Chumba changu kiliondoka chote, na sebule, na kibaraza. Ukuta ambao mzee aliuangalia kila jioni uliangukia ndani kwa mara moja, na haikuwa hata kelele kubwa. Vikabaki vyumba viwili vya nyuma vimeachama. Mama Happy hakugeuka kutazama. Alikuwa amelikumbatia sanduku, anamhimiza Happyness apige simu ya gari.

Tulikwenda kesho yake watatu, yeye, binti yake na mimi, kwenye gari dogo la kukodi. Sanduku alilipakata mwenyewe, alikataa kabisa liwekwe nyuma. Njia nzima alikuwa anaongea. Dereva akikimbia kidogo tu anamkemea, "Taratibu wewe, kuna mtu mzima humu." Tulipoacha barabara kuu pale Makutano na kushika njia ya Butiama alianza kumtajia mumewe vitu: ule mlima, ile shule, pale tuliponyeshewa mwaka ule umenibeba mgongoni. Happyness alicheka, machozi yanamtoka. Hata mimi nilijisikia mwepesi. Nilijisemea, haya basi, angalau hili.

Nyamhanga tulimkuta nje anarekebisha zizi. Ni mtu mrefu, sura ya Mzee Stani kabisa, mpaka nilishtuka. Alitupokea vizuri, akatutolea vigoda, akaita maji ya kunywa. Happyness akamwamkia, akampa mkono. Hakuna neno baya. Ndipo akalitazama sanduku.

"Shemeji, hicho ni nini?"

"Ni kaka yako," Mama Happy akasema. "Nilikosa, shemeji. Nilikosa sana, na nimekuja kwa magoti. Nimemleta kwa mama, kama alivyosema."

Nyamhanga akasema, "Njooni," akatutangulia nyuma ya nyumba, kupita migomba, mpaka kwenye makaburi yao. Kaburi la mama yao lilikuwa pale, la mawe. Na upande wake wa kulia palikuwa na kaburi jingine, limeota nyasi, mawe yamepangwa vizuri kuzunguka, na msalaba wa mti. Kwenye msalaba waliandika Stanislausi.

Happyness alinikamata mkono mpaka kucha zikaingia.

"Siku ile ulisema tulifukie," Nyamhanga akasema. "Shemeji, kwetu hapa kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Likifukiwa tupu litatafuta mtu wa kuingia. Tulikata mgomba. Tukauvisha shati lake aliloliacha hapa, tukauzika kwa jina lake. Wazee walimwita jina, mmoja akamwitikia. Tulilia, tulinyoa, tulikaa matanga, tukayaondoa. Stanislausi tumeshamzika."

"Mgomba?" Mama Happy akauliza. Sauti ilikuwa ndogo sana.

"Tungefanyaje? Tulikuwa na shimo na hatuna mtu."

"Basi tufukue. Tutoe mgomba, tumweke mwenyewe. Si ndilo kaburi lake?"

"Nikilifungua hilo naita kifo kingine kwenye boma hili. Nina watoto humu, shemeji. Nina wajukuu."

"Basi pembeni. Hapa kwenye nyasi. Hata pale kwenye mkonge, hata nje ya ua."

"Mtu mmoja hana makaburi mawili kwenye boma moja. Huyo wa pili nimwite nani?" Akaushika ule msalaba wa mti. "Nilimpenda kaka yangu kuliko mtu yeyote. Usifikiri nakukomoa. Ungekuja siku ile, shemeji. Ungekuja siku ileile."

Si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, nimchukie, niondoke na kitu cha kuchukia. Alikuwa analia kama sisi, anajifuta kwa kiganja chenye kinyesi cha ng'ombe, na hakurudi nyuma hata inchi.

Mama Happy akapiga magoti. Akaliweka sanduku juu ya nyasi, katikati ya kaburi la mama mkwe na kaburi la mgomba. "Naomba tu amsalimie mama yake," akasema. Nyamhanga akakubali kwa kichwa, akatuacha. Happyness akaanza Salamu Maria, ikamshinda katikati, nikamalizia mimi. Tulikaa pale mpaka dereva akaanza kupiga honi. Mama Happy akalinyanyua sanduku, akalipangusa nyasi chini, akatembea kwenda garini bila kuaga mtu.

Kurudi dereva alikimbia atakavyo, hakukemewa. Aliuliza mara mbili tunashukia wapi, na tulipoingia mjini ndipo Happyness akamwambia atupeleke makaburi ya manispaa.

Mtunza makaburi ni mzee mmoja mwenye koleo na radio ndogo. Aliizima radio alipotuona. Akalitazama sanduku, akatuhesabu, mama mmoja, binti mmoja na fundi cherehani, akawa anachungulia nyuma yetu barabarani kama kuna gari jingine linakuja.

"Poleni," akasema. "Ndugu wengine wa marehemu tunawasubiri?"

"Wako Butiama," Mama Happy akamjibu. "Wao wameshamzika."

Yule mzee alinitazama mimi, akadhani mama amechanganyikiwa kwa uchungu. Akachukua koleo lake, akatuonyesha mahali pa kuchimba.